Naomba ushauri: wageni wa kanisa wanakuja Julai, na kisima walichotufungia pampu kimesimama

Bwana asifiwe wapendwa, na wengine wote habari zenu. Mimi ni katibu wa kamati ya maendeleo ya usharika wetu, wilayani Chamwino.

Kanisa rafiki la Marekani linatuletea watu 14 kwa wiki 2, waje kujitolea kujenga darasa. Ni watu wema. Wamelala kwetu, wamekula ugali wa uwele na mlenda pamoja nasi. Kinachoniuma ni pampu ya mkono waliyotufungia kisimani safari iliyopita: miezi 7 sasa haitoi maji. Vipuri vyake mjini Dodoma nimevitafuta nikakosa, hakuna kijana aliyefundishwa kuitengeneza, na fedha ya ndoo (mchango wa wachotaji wa kutunzia pampu) hatukuwahi kukusanya (hilo ni kosa letu). Akina mama wamerudi kufukua mchanga korongoni. Mnajua huku kwetu, mvua ikikata Aprili ni kiangazi mpaka Desemba.

Mafundi uashi tunao hapahapa kijijini, wamekaa bila kazi. Natamani kuwaomba wageni waje wachache, nauli inayobaki ilipe mafundi wetu na kufufua kisima. Mchungaji anahofia watakwazika. Wazee nao wanasema mgeni hapangiwi zawadi.

Barua ya namna hiyo niianzeje bila kuvunja undugu? Na kuna aliyewahi kukabidhi kisima cha kanisa kwa RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini), kikasimamiwa na chombo cha watumia maji? Mlianzia ofisi ipi? Naombeni uzoefu wenu, kikao ni Jumapili baada ya ibada.