Kwa nini ndege za abiria hazifungwi parachuti ya kushusha ndege nzima?

MtotoWaKagera:
Wakuu habari zenu. Hili swali ninalo toka ile ajali ya Bukoba Novemba 2022, watu 19 tuliwapoteza ndege ikiwa ziwani pale pale karibu na uwanja. Juzi nimeona klipu ya kindege cha Cirrus, injini imezima, rubani kavuta mpini mwekundu hapo juu darini parachuti likafunguka, ndege ikashuka nayo mpaka chini watu wakatoka wazima. Sasa kwa kubwa kinashindikana nini, bei?

Spana13:
Mkuu bei ni ya mwisho, shida ni uzito na spidi. Cirrus SR22 ikijaa ni kama tani 1.6, Boeing 737-800 inaruka na hadi tani 79. Yale maroketi ya pembeni ya Space Shuttle, kile chombo cha Wamarekani cha kwenda anga za juu, yalikuwa yanarudi baharini matupu, uzito unakaribiana na hiyo Boeing, kila moja na maparachuti matatu yenye upana wa mita 41 na bado yalikuwa yanapiga maji kwa kilomita 80 kwa saa hivi, hapo ni chuma tupu hakuna mtu ndani. Halafu jeti ikiwa juu inapita kilomita 800 kwa saa, kitambaa gani kitahimili?

BintiRubani:
Na Bukoba lisingesaidia kaka, pole sana kwa msiba ule. Ndege ilikuwa inakuja kutua, iko chini tayari, parachuti linataka nafasi ya kufunguka. Ajali nyingi ni hapo hapo kwenye kupaa na kutua. Bukoba waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao, ningekuwa na hizo hela ningenunua boti za uokoaji kwa kila uwanja ulio kando ya maji. Tena tusikilize wahudumu wakieleza laifu jaketi, maana Komoro 1996 ndege ya Ethiopia ilitekwa ikaishiwa mafuta ikaangukia baharini, watu 175 wakapona 50, na kuna waliojaza hewa jaketi wakiwa bado ndani, maji yalipoingia yakawabana juu wakashindwa kuufikia mlango.

MtotoWaKagera:
Dah, ahsanteni. Hilo la jaketi sikulijua dada, mimi ningejaza hapo hapo kwenye siti. Leo jioni nampigia mama, wiki ijayo anapanda ndege kuja Mwanza.