Togwa imegoma kulegea hata baada ya kutia kimea, shida nini?

Mpishi_Tabata
Wakuu habari zenu. Juzi jioni nimepika uji wa sembe mzito wa kutengeneza togwa (kinywaji cha uji uliochachuka), ndoo nzima, nikaacha upoe mpaka vuguvugu ndo nikachanganya na kimea cha ulezi nilichonunua sokoni, nikafunika kitambaa safi. Mpaka leo mwiko unasimama wenyewe katikati ya ndoo, juu kuna povu jeupe kidogo, umeanza kuchacha ila utamu hakuna kabisa. Kwa mama mdogo Songea akishatia kimea hata hujamaliza stori uji ushakuwa maji. Niongeze kimea au nimwage? Shughuli ni Jumamosi.

MatengoOG
Mkuu hapo nakishuku kimea kwanza. Kinacholegeza uji ni vimeng'enya vya kwenye mbegu iliyochipua, vinakata wanga unageuka sukari, ndo maana togwa inakuwa tamu bila kutia sukari ya dukani. Sasa wauzaji wengine wanakiharakisha kukauka kwa kukikaanga, na wengine wanakuuzia unga wa ulezi tu, maana rangi ni ileile bwana. Kitie ulimini utafune, kimea kizuri kina utamu. Bado una wasiwasi, chota kikombe cha uji wa moto ule wa kunywa kwa kupuliza, tia kijiko, koroga. Ndani ya dakika kumi usipoona mabadiliko hicho ni unga tu.

Mpishi_Tabata
Nimetafuna, ni kama natafuna vumbi 😂 Kwa hiyo nikipata kizuri nitie humohumo?

Mama Ulezi
Hapana mwanangu, ukishachacha asidi inakizuia kimea, utahangaika bure. Pika mwingine. Kimea gawa mara mbili: kingi tia uji ukiwa bado moto, nyuzi 60 hivi, usiwe unatokota maana utakiua. Ukilegea uache upoe kabisa ndo utie kile kidogo kilichobaki, kwa sababu bakteria wa kuchachua waliomo kwenye kimea hawavumilii ule moto wa mwanzo. Au tia kikombe cha togwa ya zamani iliyotoka vizuri. Kwa joto la Dar usiku mmoja unatosha, Njombe huko hata siku mbili. Na ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa pinki usikwangue juu ukanywa chini, mwaga yote.

Kimea tengeneza mwenyewe, ulezi uloweke usiku kucha, utandaze kwenye gunia bichi siku mbili tatu mpaka uchipue, anika juani, saga. Ukitumia mtama pukuchua vimizizi na vichipukizi vyote kabla ya kusaga, vina sumu ya sayanidi.

Omwami254
Huku Kakamega kwa busaa (pombe ya kienyeji) ni tofauti kidogo, unga wa mahindi unachachishwa na maji kidogo, halafu unakaangwa juu ya bati mpaka ubadilike rangi, kimea ya wimbi (ulezi) inaingia baadaye kabisa kila kitu kikiwa baridi. Hakuna mzee wa busaa utaona anapeleka kimea kwa moto.

MatengoOG
Na usije ukaijaza kwenye chupa za soda ukakaza vifuniko ukazipanga sebuleni, gesi bado inatoka hiyo. Ikibaki mpaka Jumatatu watoto usiwape, itakuwa imeshaanza kupanda kichwani.

Mpishi_Tabata
Shukrani Mama Ulezi, ulezi naloweka leo leo. Kama jua halitoshi nikaushe kwenye oveni?

Mama Ulezi
Moto mdogo kabisa, mlango wazi. Ukisikia harufu ya bisi umeshakiua.