Niko kwa dawa, nanyonyesha, na mama mkwe anakuja Ijumaa

MamaWawili_Kayole: Habari zenu wadau. Naomba ushauri, wa kunitukana aniruke tu.

Niko kwa dawa za VVU tangu mimba ya kwanza. Mtoto huyo alipimwa mpaka akamaliza vipimo vyote, hana kitu. Sasa nina kichanga cha wiki tatu. Baba yao anajua hali yangu, yeye hana virusi. Kipimo changu cha mwisho kabla ya kujifungua kilionyesha virusi havionekani, yaani ni vichache mno kwenye damu hata kipimo hakivioni. Kichanga anakunywa dawa mbili za maji za kumkinga na virusi, zidovudini na nevirapini, na zaidi ya hapo ni titi tu.

Mama mkwe sasa. Anatoka mashambani kuja kuona mjukuu, na sisi tunaishi chumba kimoja, pazia katikati. Kwake mtoto asiyepewa maji anakauka koo, na mwezi wa pili ni wa uji mwepesi. Sitaki ajue, maana akijua yeye kijiji kimejua. Hizi chupa nizifiche wapi? Na akimpa mtoto kijiko cha maji nikiwa nje kwa kamba ya nguo, si nimeshapoteza kila kitu?

Jirani_Umoja: Pole dada. Mimi ningeacha titi kabisa, ninunue maziwa ya kopo niseme yangu hayatoki. Hatari imeisha na mama mkwe hana la kusema.

Wambo_wa_Soko: Maziwa ya kopo kwa pesa ya nani? Mwezi mzima ni kopo juu ya kopo. Na huku kwetu maji ni ya mtungi, mabomba yakikauka unaoshea chupa nini? Mtoto atakufa na kuhara kabla ya hicho mnachoogopa. Halafu mama wa kichanga asiyenyonyesha ndiye majirani wanaanza kumchambua. Umeficha nini hapo?

NesiWaZamu: Wambo amenipunguzia kazi. Dada, usiache kunyonyesha. Mama asipotumia dawa kabisa, kati ya watoto 100 huambukizwa 15 hadi 45, ukihesabu mimba, kujifungua na kunyonya. Mama akimeza dawa vizuri na mtoto akipata zake, hushuka chini ya 5, na kwa mama ambaye virusi vyake havionekani ni kidogo zaidi ya hapo. Sisemi sifuri. Lakini kinachomlinda mtoto wako kuliko chochote ni kidonge chako cha kila siku, kwa hiyo hata nyumba ikijaa wageni usikiruke.

Miezi sita ya kwanza ni titi tupu. Maji, uji, maziwa ya ng'ombe na zile dawa za kutuliza tumbo za dukani humkwaruza utumbo ungali laini, virusi vikapata pa kupenyea. Dawa alizoandikiwa hospitalini hazihesabiki hapo. Ila sikiliza: akipewa kijiko kimoja ukiwa nje, usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo. Endelea na dawa, endelea na titi, zuia kijiko cha pili. Wapo akina mama wanaoshtuka na kukatiza titi ghafla, na hilo ndilo linaloumiza.

Chupa usizifiche mbali hadi usahau dozi. Usihamishie dawa kwenye chupa nyingine, utachanganya vipimo. Ziweke kwenye mkoba wa nepi pamoja na sirinji yake. Akiuliza, ni dawa ya mtoto kutoka kliniki. Hujadanganya.

Chuchu ikipasuka au titi likivimba, njoo kliniki siku hiyo hiyo. Upande unaotoka damu usimpe kwanza, ukamue umwage.

BabaK: Mimi nauliza, huyo mume yuko wapi? Mama ni wake. Aketi naye usiku wa kwanza amwambie, "Mama, daktari amekataza kitu chochote mpaka miezi sita, na mimi nimekubali." Mamangu kwa mke wangu hasikii, kwangu anasikia. Na baba mwenyewe aendelee kupimwa. Akitaka dawa za kujikinga, kliniki zinatoa.

Jirani_Umoja: Lakini si heri amwambie mama mkwe ukweli tu yaishe? Siri inachosha.

Wambo_wa_Soko: Atasema siku yake akitaka. Hata hospitali haina ruhusa ya kumtangaza, iko kwenye sheria ya VVU ya Kenya ya 2006, na kuna baraza maalum la kusikiza kesi hizo.

MamaWawili_Kayole: Asanteni jamani. Nimemsomea baba watoto jibu la BabaK, amecheka lakini amekubali kuongea. Nesi, swali la mwisho: wiki ya sita wanamtoboa kisigino kumpima virusi. Mama mkwe atataka kunisindikiza. Kwani hawawezi kutumia kile kipimo cha haraka, kiishe upesi?

NesiWaZamu: Kile hakisomi virusi, kinasoma kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yao, na zako bado ziko kwenye damu yake, zinaweza kukaa hadi miezi 18. Kingemwonyesha ana virusi hata kama hana. Ndiyo maana tunachukua matone ya damu kwenye karatasi kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, na tutarudia miezi sita na miezi 12. Siku hiyo ya wiki ya sita zidovudini inasimama, nevirapini inaendelea mpaka wiki sita baada ya kuacha titi kabisa, na anaanzishiwa septrini, dawa ya kumkinga na maambukizi mengine. Kuhusu mama mkwe usijali, wiki ya sita ni ya chanjo pia. Mwache akae benchi na wenzake, chumbani uingie wewe na mtoto. Kitabu cha kliniki kishike mwenyewe.