Lifti isiyo na chumba cha mashine inafaa jengo la ghorofa 5?

Mjenzi_Mpole: Wakuu heshima zenu. Mchoraji wetu kaweka chumba cha mashine ya lifti juu ya paa na kimo cha jengo kimezidi tulichoruhusiwa. Nasikia zipo lifti zisizohitaji hicho chumba, sasa mota inakaa wapi na ikizingua fundi anaifikiaje?

Fundi Volti: Inakaa humo humo ndani ya shimo la lifti mkuu, juu kabisa, pembeni. Kampuni ya lifti ya KONE walitoa lifti ya aina hiyo, MonoSpace, mwaka 1996, mota yake ni bapa kama sahani, ya sumaku za kudumu, haina giaboksi, ndo maana inaenea kati ya ukuta na reli inayoongoza kibanda. Fundi anaifikia akiwa amesimama juu ya kibanda cha lifti, na paneli ya kuiongoza mara nyingi iko pembeni ya mlango wa ghorofa ya juu, hapo ndo anaachia breki kama watu wamekwama.

Nyuzi: Naongezea hapo kwenye kamba zinazovuta kibanda maana ndo penye utamu. Waya wa chuma haupendi kukunjwa sana, kikawaida puli, lile gurudumu linalopitisha waya, inatakiwa kipenyo mara 40 ya unene wa waya, yani waya wa mm 10 unadai puli ya mm 400 na puli kubwa inadai mota yenye nguvu kubwa ya kusokota. Kampuni ya Otis mwaka 2000 wakaleta lifti ya Gen2, inatumia mikanda bapa yenye nyuzi za chuma iliyovikwa poliuretani, aina ya plastiki, inapinda kirahisi, puli ikashuka hadi kama sm 10 na mota ikapungua nayo.

Mjenzi_Mpole: Asanteni sana. Na ya haidroliki, ile inayosukumwa na mafuta, je?

Fundi Volti: Kwa ghorofa 5 inaweza, ila tanki la mafuta na pampu vinataka sehemu yake huko chini, tena nyingi hazina uzito wa kusawazisha, ule unaoning'inia upande wa pili wa kamba, kwahiyo pampu inanyanyua mzigo wote yenyewe. Umeme italamba.

Mama Ramani: Mwanangu usimwage zege kabla hujapata vipimo vya shimo kutoka kwa mtengenezaji, kina cha chini na nafasi ya juu vyote, kila lifti ina vyake. Uliza pia shimo litapumuaje maana joto la mota linabaki humo. Na nakuomba usibane kibanda, cha kubeba kilo 630 chenye mm 1100 kwa 1400 ndani kinaingiza kiti cha magurudumu na msindikizaji wake, ukikipunguza hapo kuna mtu utamwacha chini.