Wauza baiskeli za gia Kigoma, kazeni bolti kabla hamjachukua hela za watu!

Wakuu, leo sina salamu.

Mdogo wangu kanunua baiskeli ya gia mpya, imetoka kwenye boksi, duka moja hapa Mwanga. Juzi anashuka kuelekea stesheni, anakata kona, usukani ukageuka peke yake, tairi la mbele likabaki linatazama mbele. Akaingia mtaroni mzima mzima. Uso umechubuka, mkono una hogo.

Baiskeli nimeikagua mwenyewe. Bolti mbili za pembeni, zile zinazobana shingo ya usukani kwenye foku (uma unaoshika tairi la mbele), nimezifungua kwa vidole. VIDOLE! Ile ya juu, yenye kifuniko, imekazwa mpaka basi. Fundi kaona usukani hauchezi, kasema tayari. Bwana fundi, ya juu kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye gololi tu. Zinazoshika usukani ni za pembeni, na hizo ndizo zinazokazwa mwisho, kidogo kidogo kwa zamu. Shingo nyingi zimeandikwa kabisa Nm 5 au 6 (kipimo cha nguvu ya kukaza) hapo hapo kwenye bolti. Kusoma nako shida?

Nimerudi dukani, naambiwa eti "barabara zetu mbaya, kaka." Unauza baiskeli ya milimani, Kigoma, halafu unashangaa kuna milima na mashimo?

Na msije hapa na "kaza mpaka iseme basi". Baiskeli za kubebea mawese ni chuma kwa chuma, zinavumilia. Hizi bolti ndogo zimeingia kwenye alumini. Ukizikamua kama kotapini ya Phoenix meno yanakwisha, na hapo umeharibu shingo nzima. Mkono wa pedeli nao ukilegea ukaendelea kuendeshwa, tundu lake linatanuka, hakuna kukaza tena, unanunua mwingine. Diski za breki sisemi sana: zinashikwa na bolti za kichwa cha nyota, na duka zima halina hata spana moja ya nyota. Sasa walizikagua kwa macho?

Wewe unayetaka kununua, kabla hujatoa hela bana tairi la mbele kwa magoti, pindisha usukani kwa nguvu. Ukigeuka, waachie baiskeli yao. Shika breki ya mbele, isukume mbele na nyuma. Ikigonga "ko", kuna kitu kimelegea. Zikishakazwa vizuri, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye bolti mpaka kwenye chuma cha pembeni. Mistari ikiachana, bolti imezunguka. Na mpya lazima ikaguliwe tena baada ya kuendeshwa kidogo, maana vyuma vinajikalia.

Sasa wanataka nilipie ufundi wa kukaza! Silipi. Baiskeli nimewaachia mlangoni.

Kuna mtu anajua Kigoma hapa, au hata Kasulu, wanapouza spana ya nyota saizi T25, ya hizo bolti za diski?