Uvimbe wa tezi shingoni: nikatwe shingoni au nipitie mdomoni?

MwalimuUmoja:
Habari zenu wanajamvi. Nina miaka 31, nafundisha darasa la pili hapa Umoja. Nina uvimbe wa sentimita 4 upande wa kulia wa tezi ya thairoidi. Nilichomwa sindano, majibu yakasema si saratani. Lakini sasa unanikaba: ugali hauteremki bila maji, na nikilala chali ni kama mtu kaniwekea kidole kooni. Daktari amesema upande huo utolewe.

Shida yangu ni kovu. Nilitobolewa masikio nikiwa darasa la sita, nyuma ya sikio la kushoto pakamea kovu kama harage. Likakatwa, likarudi kubwa zaidi. Nikiwaza hilo likimea shingoni, usingizi unaniruka. Nasikia kuna upasuaji wa kupitia mdomoni. Kuna aliyefanyiwa? Na sauti je? Sauti ndiyo kazi yangu.

SistaThieta:
Pole sana dada. Mimi ni muuguzi wa thieta. Upasuaji huo upo. Aliyeupa umaarufu ni daktari Angkoon Anuwong wa Bangkok, alipochapisha habari za wagonjwa wake 60 wa mwanzo mwaka 2016. Wanatoboa matundu matatu ndani ya mdomo wa chini, wanapitisha kamera na vyombo chini ya ngozi ya kidevu hadi shingoni, huku gesi ikiinua ngozi wapate nafasi. Kwa ngozi kama yako, hiyo ni faida ya kweli. Na sentimita 4 haijapita kiasi.

Ila usidhani ni upasuaji mwepesi. Matundu ni madogo, lakini njia ya ndani ni ndefu kuliko ya kukata shingoni. Kidevu huweza kufa ganzi kwa wiki kadhaa. Na damu ikigoma kukoma, watakukata shingoni hapo hapo, kwa hiyo hata ukichagua mdomo, sahihi utaitia kwa yote mawili.

Kuhusu sauti: neva inayoendesha nyuzi za sauti inapita nyuma ya tezi, iko hatarini kwa njia yoyote ile. Omba uangaliwe nyuzi hizo kwa kamera ya puani kabla ya siku yenyewe. Halafu muulize daktari: umewafanyia wangapi kwa njia hii, kwa mikono yako? Akikasirika, tafuta mwingine.

MamaWawiliKasarani:
Mimi nilikatwa shingoni 2019, tezi yote. Daktari alinikalisha kabla ya dawa ya usingizi, akachora mstari kwa kalamu penye mkunjo wa ngozi. Leo kovu halionekani mpaka nilionyeshe, lakini ngozi yangu haina tabia ya yako. Kilichonitesa ni kalisi (kalsiamu) kushuka mwilini. Siku ya pili midomo na vidole vilianza kuwashwa kama vinatembewa na sisimizi. Na kidonge cha thairoidi ni kila asubuhi kabla sijala, maisha yangu yote. Wewe wakiacha upande wa kushoto, huenda ukaepuka vyote viwili.

MjukuuWaPumwani:
Mama yangu alikuwa na shida ya parathairoidi, zile tezi nne ndogo kama punje za mchele nyuma ya thairoidi, zinazosimamia hiyo kalisi. Kalisi ilipanda, mawe ya figo hayakwisha. Picha ilionyesha tezi moja tu ndiyo mbovu, wakakata sentimita 3 hivi. Dakika kumi baada ya kuitoa walipima damu, homoni ikawa imeshuka zaidi ya nusu, ndipo wakafunga. Kidonda kilikuwa kidogo kwa sababu walijua wanachofuata.

DawaZaKwetu:
Jaribu mwani kwanza.

SistaThieta:
Hapana. Mwani umejaa madini ya joto, na chumvi yetu Kenya tayari imetiwa. Yakizidi, uvimbe wa namna hiyo unaweza kuanza kumwaga homoni. Tafadhali usimpe mtu wa sentimita 4 jaribio.

MwalimuUmoja:
Asanteni mno. Nilimuuliza. Hakukasirika, alisema kwa mdomo amewafanyia wawili tu, akaniandikia barua kwa mwenzake aliyezoea. Naenda Alhamisi. Nibebe picha za altrasaundi, au ripoti inatosha?

SistaThieta:
Beba zote, na majibu ya sindano. Halafu geuza kichwa umwonyeshe hilo sikio kabla hajaanza kuzungumza.