Ushauri jamani: nataka kuwaandalia wazazi jioni moja ya KBC ya zamani (tivii ya taifa ya Kenya)

BintiMwalimu:
Habarini za jioni wote, naombeni mawazo yenu hasa nyinyi mliokuwa mnaangalia tivii mwisho wa miaka ya themanini na mwanzo wa tisini. Desemba tunakutana nyumbani kwa wazazi familia nzima, mzee anatimiza miaka 75, na tumekubaliana hakuna didjei wala tenti. Tunataka tumfanyie jioni moja ya televisheni kama ile ya KBC ya wakati huo, kuanzia stesheni ikifunguliwa mpaka wimbo wa taifa. Kwetu ndiko kulikuwa na tivii pale kijijini, Great Wall ndogo isiyo na rangi, inatumia betri ya gari, na majirani walikuwa wanajaa sebuleni mpaka mlangoni na mzee hakuwahi kumfukuza mtoto wa mtu.
Sasa kakangu anasema turahisishe, tutafute vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa YouTube tuweke kwa projekta kwa masaa matatu mfululizo basi. Mimi roho inakataa lakini sijui nimjibu nini. Pia ile Great Wall bado iko na inawaka, itawezekana kuitumia? Na kuna kanda za VHS ambazo mjomba alikuwa anarekodi, zimekaa stoo miaka mingi.

Mzee_wa_Antena:
Binti yangu, roho yako iko sawa, usimsikize huyo kaka. Vichekesho vitupu si jioni ya KBC. Wakati huo hadi 1990 stesheni ya kibinafsi ya KTN ilipoanza, stesheni ilikuwa moja tu, na hata baada ya hapo sisi wa mashambani tulibaki na hiyo moja, kwa hivyo mnakaa mnaangalia chochote kinacholetwa, kipindi cha watoto, cha ukulima, kwaya, halafu saa moja taarifa ya habari kwa Kiswahili na nyumba inanyamaza kwa sababu baba anasikiza. Ilikuwa inaanza na Mtukufu Rais leo amefanya hivi, amekutana na hawa, ndio habari zingine zifuate. Vitimbi ilikuwa tamu kwa sababu umeingojea. Ukimpa mtu Ojwang, yule mchekeshaji wa Vitimbi, kwa masaa matatu mfululizo atacheka nusu saa ya kwanza kisha aanze kusinzia, nakwambia ukweli.

Kayai_Fan:
Nakubaliana na mzee hapo juu. Na ukipata nafasi waambie watoto kwamba Mzee Ojwang jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu kabisa aliyeigiza Mjaluo mpaka Wajaluo wenyewe wakamkubali, na alituacha Julai 2015. Yeye na mwenzake wa Vitimbi Mama Kayai, yaani Mary Khavere, watu wengi waliamini ni bwana na bibi kweli. Mamangu mpaka leo ukimwambia sivyo anakuangalia tu.
Usisahau mchezo wa kuigiza wa Tushauriane wa 1987, ule wa mambo ya kupanga uzazi, wazee wetu waliangalia na watoto wamekaa hapo hapo chini na hakuna aliyejua aangalie wapi. Halafu mchezo mwingine, Tausi, ulikuja miaka ya tisini.

Shemeji_Naks:
Na Football Made in Germany jamani!! Toby Charles akitangaza! Vijana wa kijiji kizima walijua wachezaji wa Bundesliga, ligi ya Ujerumani, kabla wajue wa Uingereza. Mzee wako kama ni mwalimu naona pia angependa kile kipindi cha Je, Huu ni Ungwana cha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, kilianza redioni 1966 na baadaye kikaonekana kwa tivii pia. Mambo Mbotela naye ametuacha Februari 2025, kwa hivyo itamgusa.

Mama_Pendo:
Mimi nitapinga kidogo, msinitukane. Dada, Joy Bringers (kile kipindi cha nyimbo za injili) na mambo ya kwaya ni ya Jumapili, usichanganye siku, mzee atagundua mara moja. Chagua siku moja kisha uifuate. Na taarifa ya habari iwe fupi, dakika kumi zinatosha, wajukuu wasije wakatoroka na simu zao. Au waachie wajukuu wasome habari wenyewe, za familia: nani amezaa, nani amefuzu, ng'ombe gani ameuzwa. Mvalishe mmoja suti. Mzee atafurahi kuliko Vitimbi.

FundiWaVideo:
Nakuja kwa upande wa mitambo. Great Wall ina tundu la antena peke yake, na mitambo ya kurusha tivii ya analojia Kenya ilizimwa 2015 kwa hivyo ukichomeka antena utaona chenga tupu. Lakini inawezekana. Tafuta deki ya VHS ya zamani, nyuma ina matundu ya AV (picha na sauti) ya kuingiza na tundu la kutoa kwenda antena ya tivii. Unatoa picha kwa laptopu na kifaa cha kugeuza HDMI kuwa AV, unaingiza kwa deki, deki inatoa kwa tivii kwa waya wa antena, kisha unatafuta stesheni kwa UHF, kawaida iko karibu na chaneli 36. Tivii itaona kama ni KBC inarusha. Betri achana nayo, tumia umeme.
Kanda za mjomba USIZIWEKE kwa deki kabla hujafungua kile kifuniko cha mbele uangalie utepe. Ukiona unga mweupe hiyo ni ukungu, utachafua kichwa cha deki na kuharibu kanda zingine zote, mpelekee mtu wa kuzisafisha. Zile safi zipeleke mbele mpaka mwisho na uzirudishe nyuma mara moja kabla ya kucheza, halafu unapocheza mara ya kwanza uwe tayari unarekodi kwa kompyuta, maana utepe wa zamani unaweza kukatika na usipate nafasi ya pili.

BintiMwalimu:
Asanteni sana, kwa kweli sikutarajia. Nimeamua, itakuwa Jumapili, kwaya kwanza, halafu watoto, taarifa saa moja kamili na wajukuu ndio wasomaji (Mama Pendo Mungu akubariki), kisha mpira kidogo, Vitimbi moja TU, na wimbo wa taifa wote tukiwa tumesimama. Kaka nimemtumia huu uzi ausome. Nimefungua kanda tatu, mbili zina huo unga mweupe, moja ni safi na juu imeandikwa kwa kalamu "harusi + Vioja". Fundi, kama uko Nakuru ama unamjua mtu mwenye deki nzuri huko nitumie ujumbe inbox, hiyo harusi nafikiri ni ya wazazi wa binamu zangu na hakuna aliyewahi kuiona tena.